Daftari Lisilo na Kosa

Wapo wanaume wanaomteka mwanamke kwa zawadi, na wapo wanaomteka kwa maneno matamu. Mwalimu alimteka Maswali kwa kalamu nyekundu. Kila Jumamosi, kwa miezi minane, alimsahihishia kazi yake ya fizikia, na kila Jumamosi daftari lilirudi limejaa alama za vema, moja chini ya nyingine, zenye mkia mrefu uliopinda juu kidogo. Binti wa watu akawa anazifungua kurasa zile kitandani kama mwingine anavyofungua barua ya mpenzi. Usimcheke. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kichwa chake ni kizito, akija mmoja akamwambia "umepata", hawezi kubaki na moyo wake mzima.

Sasa daftari lile lile alikuwa amelibana kwapani, ndani ya mfuko wa plastiki, amesimama mbele ya mlango wa kina Mwalimu saa nne asubuhi. Mkono uliotakiwa kubisha hodi ulikuwa umegoma.

Maswali hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa kitengo cha kufulia cha hospitali, siku alipomuuliza fundi wa mashine kwa nini mashuka yakimaliza kukamuliwa yanakuwa yamejibandika kwenye ukuta wa pipa, katikati pamebaki patupu. Fundi akamjibu kwamba kazi yako wewe ni kuyabandua. Wenzake wakacheka. Kesho yake akauliza tena, na tangu hapo jina likamkaa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye mvuke na sabuni. Ila alikuwa na ndoto. Kila mwaka hospitali ilimpeleka mfanyakazi mmoja chuoni kusomea ufundi wa mashine za hospitali, mradi awe na cheti chenye ufaulu wa fizikia. Akajiandikisha darasa la wikiendi, lile la watu wazima, na huko ndiko alikomkuta Mwalimu, mikono ya shati imekunjwa, chaki sikioni kama penseli ya seremala.

Yaliyofuata mnayajua wenyewe. Alianza kumbakisha baada ya kipindi amweleze swali moja. Swali moja likawa matatu, matatu yakawa kumsindikiza hadi kituoni, na kituoni pale magari yakawa yanapita matano bila mtu kupanda. Mwezi wa nne akampeleka kwa mama yake. Mama alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mwanamke wa miwani yenye kamba na maneno machache. Alimtazama Maswali mikono, ile mikono iliyochubuliwa na sabuni kali, akasema, "Simkatai. Lakini mwanangu haoi mtu atakayemfundisha mpaka uzeeni. Binti akipata cheti chake, aje tuzungumze."

Kwa hiyo mtihani ule ulikuwa umebeba chuo na ndoa, vyote kwa pamoja. Na Alhamisi matokeo yalitoka. Fizikia: alama thelathini na moja, na kufaulu ni arobaini. Ijumaa asubuhi msimamizi alimwita, akamwambia kwa upole kwamba nafasi ya mwaka huu amepewa mtu wa stoo ya dawa.

"Uliingiwa na hofu, mpenzi," Mwalimu alimwambia kwenye simu. "Mbona kwenye daftari hukosi?"

Aliamini. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma kuliko yote alipokuwa amesimama pale mlangoni. Aliamini kiasi kwamba Ijumaa ile ile, saa ya kupumzika, alifungua daftari kutafuta hofu ilimwingilia wapi. Kwenye mtihani kulikuwa na swali la lifti, lenye alama kumi, na ndani ya daftari lilikuwemo la namna hiyo hiyo: mzigo umening'inia ndani ya lifti, lifti inaanza kushuka kwa kuongeza mwendo, je, kamba inavutwa zaidi au inavutwa pungufu? Yeye alijibu zaidi. Alama ya vema ilikuwa pembeni, na mkia wake. Mtihani nao aliujibu hivyo hivyo.

Basi akafanya jambo ambalo halimpitii kichwani mtu asiyeshinda kwenye kufulia. Mashuka machafu huwa yanateremshwa kwa lifti ya mizigo kutoka wodi za juu, na kila furushi hupimwa kwa mizani ya ndoano kabla ya kuingia mashine, maana ukizidisha kilo mashine inagoma. Alichukua mizani, akaitundika kwenye bomba la toroli, akaning'iniza furushi la kilo ishirini, akaingia navyo ndani ya lifti. Akabonyeza kwenda juu. Lifti ilipoanza kupanda mshale uliruka mpaka ishirini na mbili, kisha ukarudi ishirini. Akabonyeza kushuka. Lifti ilipoanza kushuka, mshale ulianguka mpaka kumi na nane.

Alipanda na kushuka mara tano. Muuguzi mmoja alimkuta humo, akamuuliza kama amepotea. Akasema hapana, dada, akatoka na mzigo wake.

Sasa mlango ukafunguliwa kabla hajabisha.

"Nimekuona dirishani muda mzima," alisema mama yake Mwalimu. "Unausalimia mlango?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ndani, jua kali."

Sebule ilikuwa vile vile, viti vyenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani, na meza ya kulia iliyogeuzwa meza ya kusahihishia, madaftari ya wanafunzi yamepangwa safu mbili. Mama alimwonyesha kiti. Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya: alikaa kando yake, akamshika goti.

"Pole kwa matokeo. Nimeumia, nisikufiche. Mwanangu alikuwa ananiambia kila wiki, leo kapata yote, leo kapata tena yote. Nikawa najisemea, huyu binti nilimpima vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kukuzoea kichwani mwangu."

Maswali aliushika mfuko kwa mikono miwili. Kumbe zile alama zilikuwa zinafika mpaka huku.

Mwalimu alitokea koridoni, kola haijafungwa, uso umechangamka alipomwona. Alikuwa na tabasamu la upande mmoja, linaloanza kushoto likachelewa kufika kulia, na Maswali alichukia kugundua kwamba bado analipenda.

"Umekula?" Mwalimu aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku zote.

"Nimekula."

"Muongo. Subiri nikutengenezee chai."

"Sitaki chai. Naomba unisahihishie." Akainuka, akalitoa daftari kwenye mfuko, akaliweka mezani.

"Nikusahihishie lipi? Hilo tulishalimaliza."

"Nisahihishie tena. Kuanzia ukurasa wa kwanza. Nisahihishie kama mtu usiyemjua."

Tabasamu halikufika kulia. Alimtazama Maswali, akalitazama daftari, kisha akamgeukia mama yake. "Mama, tupishe kidogo."

"Mama akae," alisema Maswali. "Zile alama zote alikuwa anapelekewa na yeye."

Mama hakuinuka. Alivuta miwani kifuani, akaivaa.

"Jana nilipanda lifti ya kazini," Maswali akaanza, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotegemea. "Na mizani. Na furushi la kilo ishirini. Ikianza kushuka mzigo unapungua. Unapungua, Mwalimu, haujifichi, hata mtoto angeuona ule mshale. Mimi niliandika unaongezeka, na wewe ukaniwekea vema. Nikajisemea, labda ilimpita. Mtu ana madaftari arobaini, moja linaweza kumpita. Ndiyo nimekuja. Niambie lilikupita, nitoke hapa nikiomba radhi."

Angeweza kusema lilimpita. Maswali aliliona neno lenyewe linamjia mdomoni, na Mungu amsamehe, kuna sehemu ya moyo wake iliyokuwa inaomba aliseme. Lakini Mwalimu alikaa kitini taratibu na kufunika uso kwa viganja.

"Halikunipita," alisema.

Maswali alitoa kalamu ya buluu kwenye mkoba, akaisogeza mbele ya Mwalimu.

"Ile nyekundu imeshatumika. Anza."

Akaanza. Nani angekataa, mama yako yuko pembeni na mwanamke unayempenda amesimama mbele yako hataki kukaa? Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, maswali mepesi ya mwezi wa kwanza, vema tupu. Ukurasa wa tatu makosa yakaanza kujaa. Kila alipochora alama ya kosa juu ya vema yake mwenyewe, kalamu ilikwaruza karatasi, na Maswali alizisikia moja moja. Baadhi alizikumbuka vizuri. Hii ilikuwa ya siku ile ya mvua, walipojibanza chini ya kibaraza cha shule, akamwambia hakuna mwanafunzi anayemtia moyo wa kufundisha kama yeye. Kosa. Hii ilikuwa ya siku aliyomshika mkono mara ya kwanza. Kosa. Hii alimpigia simu shangazi yake usiku ule ule kumwambia, shangazi, nimepata yote kumi. Makosa saba.

Mama alikuwa amesogea nyuma ya mwanawe. Fizikia hakuwa anaijua, lakini miaka thelathini ya kusahihisha madaftari ilikuwa machoni pake, na hakuhitaji kuelezwa.

"Ewe mwanangu," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Mama, acha nimalize."

Alipofika kurasa za mwisho alikuwa hasomi tena. Kichwa kimeinama, machozi yanamdondoka kwenye karatasi, mkono unachora tu: kosa, kosa, kosa. Maswali alinyoosha kidole, akakiweka katikati ya ukurasa.

"Hilo lisome."

"Lipi?"

"Hilo ulilolichora sasa hivi. Hukulisoma."

Mwalimu alifuta macho kwa kiganja, akasoma. Pipa la kukamulia linazunguka. Likiongezewa kasi mara mbili, nguvu inayohitajika kuzishikilia nguo kwenye mzunguko inaongezeka mara ngapi? Maswali alikuwa ameandika: mara nne.

"Hiyo mashine ninayo," alisema Maswali. "Ina spidi mbili, ya pili ni ya mablanketi. Ukiweka spidi ya kwanza, shuka nalibandua peke yangu kwa mkono mmoja. Ukikosea ukaweka ya pili, tunavuta watu wawili na bado linagoma. Nilikaa nalo swali hilo siku tatu. Nilichora pipa, nikachora mshale, nikafanya hesabu mara mbili nikapata ile ile. Ni mara nne. Nimekosea wapi?"

Mwalimu alipitia hesabu mstari kwa mstari. "Hukukosea," alisema. "Umepata." Na ghafla uso wake ukawaka, yule mwalimu wa kweli akajitokeza, akamgeukia kwa furaha. "Umeona lakini? Umeona kwamba unaweza? Hili wengi darasani walikosa."

"Nimeona. Wewe ndiye ulikuwa hujaona."

Furaha ikamzimika usoni. Alihesabu makosa kimyakimya kwa ncha ya kalamu, ukurasa kwa ukurasa. Yote yalikuwa maswali mia mbili. Mia moja na sita binti alikosa, na yote mia moja na sita aliambiwa amepata.

"La kwanza lilikuwa la mwezi wa pili," Mwalimu alisema bila kuinua macho. "Ulipata matatu kati ya kumi kwenye jaribio la darasani. Unakumbuka? Ulifunga daftari, ukasema kichwa chako ni cha kufulia mashuka, ukaondoka. Wiki mbili hukuja. Nilikuwa naingia darasani natazama kile kiti kabla sijasalimia watu. Uliporudi nikaapa sikupotezi tena kwa ajili ya hesabu. Nikakuwekea vema moja isiyo yako. Nikasema wiki ijayo nitamweleza taratibu."

"Hukunieleza."

"Kila nilipotaka kuanza, ulikuwa umeshafungua daftari unacheka. Ulikuwa unazigusa zile vema kwa kidole, moja moja. Ungekuwa wewe, ungesema?"

"Ningesema."

"Kweli ungesema?"

"Ningesema huku nalia. Lakini ningesema."

"Nilikuwa nakupenda. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilijua una akili, nikasema kwenye mtihani itajitokeza yenyewe."

Hapo ndipo Maswali alipovuta kiti akakaa. Alizungumza akiitazama mikono yake.

"Kule kwetu wodi ya juu kabisa kuna wagonjwa ambao daktari ameshawaita ndugu zao pembeni. Nikipita kuchukua mashuka nawasikia ndugu wanawaambia, leo unaonekana vizuri, rangi imerudi. Wanawapenda, sikatai. Lakini wanasema hivyo kwa sababu wameshakata tamaa. Yule atakayepona wanamgombeza, kunywa dawa, amka utembee. Wewe ulinikatia tamaa mwezi wa pili, halafu ukaendelea kunipenda."

"Sikukukatia tamaa."

"Basi ungeniwekea kosa."

Mwalimu alinyoosha mkono mezani, kiganja juu, kama alivyozoea. Zamani mkono wa Maswali ungeshafika pale wenyewe. Leo aliutazama mkono ule, akazitazama zile kucha zenye vumbi la chaki lisilotoka, akatamani kuushika mpaka mabega yakamuuma.

"Na yale mengine?" aliuliza.

"Yapi?"

"Ulisema lile gauni la kijani linanipendeza. Ulisema tangu unizoee hupendi Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ya mbali zaidi na Jumamosi. Ulisema mama yako ananipenda kimoyomoyo. Nitajuaje sasa lipi ni lipi?"

"Hayo yote ni kweli. Naapa."

"Uliyasema kwa sauti ile ile."

Mwalimu aliinuka, akazunguka meza, akapiga goti kando ya kiti chake bila kumjali mama. "Nisikilize. Nitakuoa hivi hivi. Sihitaji cheti. Nilikuwa nakihitaji kwa ajili ya mama, na mama ameshanyamaza."

"Sijanyamaza," alisema mama. "Nasikiliza."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, miwani mkononi. Bila miwani alionekana mzee zaidi.

"Binti," alisema, "mimi sikukutaka katika nyumba hii. Nilikwambia usoni, na najua uliniona sina roho. Nilitaka mke wa mwanangu awe na cheo chake, asije kukaa hapa anamtazama mume kama sanamu. Sijuti kusema. Lakini sikuwahi kukudanganya. Huyu nimemzaa mimi, nimemlea kwa mshahara wa ualimu, na leo naona haya mbele yako." Akaivaa miwani tena. "Mtihani utarudia?"

"Nitarudia, mama. Sijui lini."

"Ukiamua, njoo kwangu. Nina mwalimu mwenzangu wa zamani, mkali, hana hata utani. Nitakupeleka mwenyewe. Asikufundishe huyu."

"Mama," Mwalimu alilalamika.

"Nyamaza. Mimi na binti tunaongea."

Maswali alitaka kumbusu mkono yule mama, kitu ambacho juzi angekiona kichekesho. Badala yake alilichukua daftari, akalirudisha kwenye mfuko, akasimama. Alimpa mama shukrani zake. Kisha akatoka, na Mwalimu akamfuata hadi ngazini, miguu mitupu.

"Nipe mwezi mmoja," alisema. "Nitakufundisha upya kila kitu. Nitakuwa mkali. Nitakuchorea makosa mpaka unichukie."

"Wale wenzangu uliwachorea makosa," alisema Maswali. "Yule mama mwenye duka la dawa alikuwa analia kila wiki. Amefaulu. Yule askari uliyemwambia arudie sura nzima, amefaulu. Darasa zima ulilifundisha, Mwalimu. Mtu mmoja tu ulimpenda."

Mwalimu alishuka ngazi moja kumfuata.

"Ungekuwa hunipendi," alisema Maswali, na hapo sauti ikamvunjika, "ningefaulu."

Alishuka ngazi. Nyuma yake alisikia jina lake likiitwa mara moja. Hakuitwa Maswali. Aliitwa kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo nje ya ndugu zake ni Mwalimu peke yake aliyekuwa analitumia. Alishika ukuta, akasimama kidogo. Angegeuka angerudi, alijijua. Akaendelea kushuka bila kuutoa mkono ukutani.

Zamu yake ilianza saa nane mchana. Alifika mapema, akavaa aproni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukunjia ambako shoga yake wa kazini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika jengo la pili, alikuwa na mlima wa mashuka yaliyotoka kukaushwa. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Kila mmoja alishika pembe zake mbili, wakavuta, wakasogeleana, pembe zikakutana, wakarudi nyuma tena. Walikunja kumi na mbili. La kumi na tatu walipokutana katikati, shoga hakuziachia pembe.

"Kuna nini?"

"Hamna."

"Macho yamevimba kama umeumwa na nyuki, hamna. Ni ule mtihani?"

"Mtihani nilishaulilia."

"Ni Mwalimu, basi. Kakuacha? Niambie. Kakuacha baada ya kufeli, siyo? Nilijua mimi. Wanaume wenye kalamu hawa."

"Hajaniacha. Nimemwacha mimi. Leo asubuhi."

Shoga alimtazama, akasahau shuka mikononi. "Kakufanya nini?"

Maswali alifikiri atamwelezaje. Kwamba hakumpiga. Kwamba hakuwa na mwanamke mwingine. Kwamba kosa lake, ukimsimulia mtu, linageuka kuwa utamu: alinisifia. "Alinionea huruma," alisema mwishowe.

"Haya, basi umemwacha, vizuri. Sasa mbona unalia? Kilio ni cha aliyeachwa. Wewe uliyeacha unalia nini?"

"Nampenda, shoga."

"Sasa..."

"Nampenda. Wiki ijayo Jumamosi nitaamka, nitaoga, nitavaa lile gauni, halafu nitakaa kitandani, kwa sababu sina pa kwenda."

Shoga aliliacha shuka likaanguka sakafuni, safi lile, la kufuliwa upya, akazunguka meza kwenda kumshika.